Mkubwa wa jela anataka majina ya wateja wangu, na mmoja wao anatoka baada ya wiki 6

BARUA

Mama, habari ya Nakuru. Nasoma safu yako kila wiki, na leo ndo naandika yangu, nimeandika nikafuta mara tatu juu sijui nianzie wapi.

Mimi ni mshauri wa watu wa uraibu, yaani pombe na madawa, na kazi yangu iko ndani ya jela. Niko na miaka 31, naishi Kisumu upande wa Mamboleo, jela yenyewe siitaji lakini ni huku huku magharibi, ni matatu moja na boda. Sijaajiriwa na serikali, kuna shirika dogo linanilipa, jela inanipa ruhusa ya kuingia na chumba basi. Hicho chumba kilikuwa stoo ya magunia ya mahindi, mpaka leo nikikaa pale masaa mawili natoka na vumbi ya mahindi kwa nywele. Kuna viti viwili vya plastiki, kimoja kilivunjika mguu tukakifunga na waya, na mlango lazima uachwe wazi kidogo ili askari anione. Hapo ndo wanaume wanakuja mmoja mmoja kunieleza vitu ambavyo hata mama zao hawavijui.

Wengi ni chang'aa na bangi. Kuna wa kuber, ile tumbaku ya kutia mdomoni, kuna wa vidonge, wa unga, yaani heroini, ni wachache sana huku kwetu.

Mama, kazi hii naipenda, nataka ujue hivo kwanza kabla sijasema mengine.

Mteja wangu wa kwanza kabisa kumaliza programu alikuwa mzee wa miaka 48, fundi wa mbao, alifungwa kwa sababu ya kupigana akiwa amelewa. Alikaa ndani karibu miaka miwili bila kuonja hata tone. Alitoka siku ya Ijumaa asubuhi, akanisalimia kwa mikono yote miwili, akaniambia madamu nikifika nyumbani nakutengenezea stuli ya mbao ngumu uweke hapo stoo utupe hii ya waya. Jumapili jioni nikapigiwa simu na binti yake. Alikuwa ameenda kusalimia marafiki zake wa zamani huko Obunga, wakafurahi kumuona, akanywa vile alikuwa anakunywa zamani, chupa kwa chupa, akalala na hakuamka. Mama, mimi sikuwa nimemfundisha siku ya kutoka. Nilimfundisha kukataa, nilimfundisha hasira, tukaandika barua ya kumuomba mkewe msamaha, lakini hakuna siku hata moja nilimwambia mzee, mwili wako umesahau pombe, kipimo chako cha zamani sasa kitakuua. Hiyo simu ya binti yake naisikia mpaka leo.

Sasa kuna huyu kijana, ana miaka 23, nitamwita Kijana tu. Alihukumiwa miaka 3, ukitoa ile theluthi moja ya msamaha anafanya 2, na imebaki wiki 6 atoke. Nimekaa naye miezi 8. Wiki mbili zilizopita alikuja akakaa kwa kile kiti cha waya akaanza kukwaruza goti lake na kidole gumba, anakwaruza tu, karibu dakika kumi hajasema kitu. Halafu akasema madamu nimekudanganya. Akaniambia amekuwa akivuta bangi humo ndani, si kila siku lakini kila akipata, na akaniambia inaingia vipi na nani anaileta, na huyo anayeileta ni mtu wa sare, mtu ambaye tunasalimiana getini kila asubuhi na ananiuliza mtoto wangu anaendeleaje.

Mimi siku ya kwanza huwa nawaahidi wote kwamba chochote watakachosema kinabaki hapo stoo. Na yeye nilimwahidi.

Alhamisi nikaitwa ofisini kwa mkubwa wa jela. Alikuwa mpole, akaniagizia chai, akasema wamepata misokoto kwa bloki fulani na wanataka kusafisha, na kwa vile mimi ndo najua nani anatumia na nani hatumii, nimletee orodha ya majina kabla mwezi uishe, na kile kitabu changu cha kuandikia nikilete pia akiangalie. Nikasema nitafikiria. Akakunywa chai yake pole pole akasema, madamu, unajua hicho chumba ni cha jela, na mavuno yakija tunaweza kukihitaji.

Mama, kwa hicho kitabu nimeandika majina kamili ya watu wote. Nikikataa nafungiwa nje, na Kijana anatoka baada ya wiki 6 bila mtu wa kumtayarisha, na huyu atakuwa wa pili kwa roho yangu. Nikikubali nimewauza. Na huyo wa sare nikimtaja, si atajua ni Kijana alisema, na Kijana bado analala humo ndani?

Nyumbani bwanangu anasema siku hizi narudi na mwili tu. Tunakula ananiongelesha sisikii. Juzi mtoto aliangusha sufuria nikapiga kelele mpaka jirani akagonga mlango. Sikuwa hivi.

Nifanye nini? Nijibu haraka tafadhali.

Madamu wa Stoo, Kisumu

JIBU

Binti yangu Madamu wa Stoo,

Barua yako niliisoma usiku nikaisoma tena asubuhi kabla sijaosha uso. Kabla nianze kuandika hapa nilifanya kazi hiyo hiyo yako miaka 14, kwanza jela ya wanaume halafu ya akina mama, kwa hivyo nikikujibu sijibu kwa kusoma vitabu peke yake, hilo vumbi la stoo nalijua.

Nianze na lile lina tarehe. Orodha usipeleke. Kitabu usipeleke.

Mimi niliwahi kupeleka, na nakuambia kwa uchungu wote. Niliombwa majina ya watu sugu ili wasaidiwe kwanza, hilo ndo neno nilipewa, wasaidiwe, na mimi nilikuwa mgeni nataka nionekane mtu wa kushirikiana, nikaandika majina manne kwa karatasi safi. Usiku huo huo sero zao zikapekuliwa, wakahamishwa bloki, mmoja wao akatolewa kazi ya jikoni ambayo ndo ilikuwa inamfanya aamke asubuhi na nia. Wiki iliyofuata nikakaa chumbani kutoka saa tatu mpaka saa sita, hakuna aliyekuja. Ya pili vile vile, nasikia tu ndege wakitembea juu ya mabati. Ya tatu akaja mzee mmoja nyapara, yaani mfungwa anayesimamia wenzake, hakukaa, alisimama mlangoni kofia mkononi akasema, "Mwalimu, wanasema mlango wako siku hizi unatokea ofisini." Ilinichukua karibu mwaka mzima watu waanze kurudi, na wale wanne hakuna hata mmoja aliyerudi.

Kwa hivyo hata ukisema nitoe majina ili chumba kisifungwe niweze kumsaidia Kijana, chumba kitabaki wazi, ndio, lakini utakaa humo na wewe na viti vyako.

Sasa sheria, juu mkubwa wa jela ni mtu wa sheria na utaongea naye vizuri ukiwa na kitu mkononi. Kazi yetu hapa Kenya ina sheria yake, ya washauri na wanasaikolojia ya 2014. Sheria ya kulinda data ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa habari nyeti, na uraibu ni afya. Katiba yenyewe, kifungu cha 51, inasema mtu aliyefungwa anabaki na haki zake isipokuwa zile ambazo kufungwa kwenyewe kunazizuia, na siri ya mgonjwa haizuiliwi na ukuta. Halafu kuna zile kanuni za Umoja wa Mataifa za kutunza wafungwa zinazoitwa Kanuni za Mandela, zilipitishwa Desemba 2015, ziko 122, wewe tafuta ya 24, ya 26 na ya 32. Ya 24 inasema mfungwa apate matibabu ya kiwango kile kile kinachopatikana nje. Ya 26 inasema faili za afya za wafungwa ziwe za siri. Ya 32 ndo ya kupigia mstari, inasema siri itunzwe isipokuwa pale ambapo kuitunza kutaleta hatari ya kweli na ya karibu kwa mgonjwa au kwa mtu mwingine. Msokoto wa bangi kwa bloki si hatari ya aina hiyo. Mtu akikwambia amenoa kijiko anataka kumchoma mwenzake usiku wa leo, hiyo ni hatari, na hapo unasema.

Lakini usiende kwa mkubwa ukimrushia vifungu. Huyo mtu naye ana shida yake ya kweli, bangi iko kwa bloki yake na wakubwa wake watamuuliza, na ukimwangalia kama adui atakuwa adui. Mwandikie barua fupi, ipitie kwa shirika lako na isainiwe na bosi wako wala si wewe peke yako, na hili nalisisitiza, usisimame peke yako kwa hii kitu hata siku moja. Mpe hesabu bila majina, mwezi huu nimeona watu wangapi, wa chang'aa wangapi, wa bangi wangapi, wangapi niliwatuma klinika. Hiyo anaweza kuipeleka juu na ikamsaidia kuomba hata muuguzi wa ziada.

Halafu mpe kitu ambacho hakuuliza lakini atakifurahia. Mkubwa yeyote wa jela anaogopa mtu kufia mikononi mwake, na wanaokufa bila sababu ya kufa mara nyingi ni wale mahabusu wapya wa pombe. Umeshawaona. Mtu amekunywa chang'aa kila siku miaka kumi, anakamatwa usiku, anakata ghafla. Ndani ya masaa 6 mpaka 24 mikono inaanza kutetemeka, jasho, kutapika, hawezi kushika kikombe cha uji bila kujimwagia. Kifafa kinaweza kumshika kabla masaa 48 hayajaisha. Halafu kati ya siku ya pili na ya nne kuna wale wanaochanganyikiwa kabisa, anaona panya ukutani, anaita watu ambao hawako, joto linapanda, na hao bila hospitali wanaweza kufa. Wenzake kwa sero wanasema ni majini, au anajifanya mwendawazimu ili aachiliwe, na askari anayemwagia maji baridi anadhani anamsaidia. Mimi nilimuona mmoja hivyo, kijana wa mkokoteni, vidole vyake vilikuwa vinacheza hewani kama anafuma kikapu. Alipona kwa sababu tu nyapara mmoja, ambaye baba yake alikufa hivyo hivyo, alikataa kunyamaza, akagonga mlango mpaka ukafunguliwa.

Basi omba siku mbili uwafundishe manyapara na askari wa mapokezi hizo dalili. Maswali mawili tu ya kuuliza kila anayeingia, unakunywa kila siku? mara ya mwisho ulikunywa lini? Na anayetetemeka aende klinika apewe dawa ya kutuliza na vitamini ya B1, si kesho, leo. Ukimpa mkubwa hiyo, chumba chako kitakuwa na faida kwake ambayo haihitaji jina la mtu. Siwezi kukuhakikishia atakubali. Nimejua wengine walikubali, na mmoja alikataa akafunga mlango, na hapo shirika likapeleka mambo juu zaidi na mwishowe, baada ya miezi minne, likaingia tena. Ikifika huko kuna Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu pia, lakini usianzie huko.

Kile kitabu usikichome. Najua umeshafikiria kukichoma. Kukichoma baada ya kuombwa kutakuletea shida mpya, na ni kumbukumbu za watu. Kipeleke kwa ofisi ya shirika lako kifungiwe kwa kabati, leo hii si Jumatatu, na kuanzia sasa andika namba, karatasi ya kuunganisha namba na jina ikae huko mjini, isiwahi kupita hilo geti.

Sasa binti yangu kuna jambo nitakwambia na usikasirike. Ile ahadi ya kwamba kila kitu kinabaki stoo haikuwa ahadi ya kutoa. Najua unaitoa kwa upendo, sote tulianza hivyo, mtu yuko mbele yako anaogopa na unataka aone uko upande wake. Lakini kuna siku mtu atakwambia ana mpango wa kujinyonga, au kuna mtoto nyumbani anaumizwa, na utalazimika kusema, na huyo mtu atajua ulimdanganya. Mwambie mapema kabla hajafungua mdomo, hii na hii ninatunza, lakini ukiniambia kuna mtu atakufa au mtoto anaumizwa, hiyo sitakaa nayo peke yangu. Wafungwa ni watu wanaojua masharti, wanaishi na masharti mchana na usiku. Ukiweka mipaka wazi watakuamini zaidi, mimi niliona.

Huyo wa sare. Usimtaje kwa mkubwa, usimuulize, usimwangalie tofauti getini, akikuuliza mtoto mwambie mtoto hajambo. Si kwamba analofanya ni dogo, anauza sumu kwa watoto wa watu na yeye ndo amekabidhiwa kuwalinda, hasira yako ni ya haki na mimi ninayo. Lakini wewe si mpelelezi, na aliyekwambia analala nyuma ya mlango ambao ufunguo wake uko kwa huyo mtu au rafiki yake. Mpelekee bosi wa shirika lako kwa mdomo, si kwa simu wala meseji, mweleze bila kumtaja Kijana. Na Kijana mwenyewe muulize akitaka jambo hilo liendelee akishatoka. Ni lake. Akisema hapana, ni hapana.

Haya, Kijana. Hapa ndo nataka uweke nguvu zako, juu wiki 6 ni nyingi kuliko unavyodhani.

Kwanza, kuja kwake kukwambia nimekudanganya si kushindwa kwa miezi 8, hayo ndo matunda yake. Miezi 8 ndo imemfanya akwaruze goti dakika kumi badala ya kucheka na kuondoka. Wengi hawasemi kamwe. Mwambie hivyo, kwa maneno hayo, mara tu ukimuona.

Pili, akiacha bangi aache sasa akiwa bado kwako, si siku ya kutoka. Ukiacha bangi hufi, lakini wiki ya kwanza ni mbaya, usingizi hakuna, chakula hakishuki, kila mtu anakuudhi, na ndoto zinakuja za kutisha. Kwa wengi inapungua wiki ya pili. Dawa ya kumeza ya kuondoa hamu ya bangi haipo, ile dawa ya methadone iliyoanza kutolewa hospitali ya Mathari, Nairobi, 2014 ni ya watu wa unga, asije akadanganywa na mtu nje akauziwa vidonge. Kwa hizo siku muombee kazi ya jembe ikiwezekana, mtu aliyelima analala.

Tatu, ile ambayo hukumwambia fundi. Kuna utafiti ulifanywa jimbo la Washington kule Marekani ukachapishwa 2007, walifuatilia zaidi ya watu 30,000 waliotoka jela, wakaona katika wiki 2 za kwanza hatari ya kufa kwa kuzidisha madawa ilikuwa mara 129 ukilinganisha na wakazi wengine wa jimbo hilo. Wiki 2 za kwanza. Madawa yao si yetu lakini mwili ni ule ule, ukikaa miaka miwili bila pombe unasahau, na kichwa bado kinakumbuka kipimo cha zamani. Na chang'aa haina kipimo, ya leo si ya jana, nyingine imetiwa vitu vya kuua macho. Kijana ulisema ni bangi, lakini muulize pombe, muulize tena, wengi wanaanza na moja wanamalizia na nyingine wakitoka. Mwambie waziwazi bila kuogopa kwamba unampa ruhusa ya kunywa. Kama utaanguka, mwanangu, usianguke na kipimo cha zamani, na usianguke peke yako ndani ya chumba kimefungwa. Hilo neno lingemfikia fundi, labda angekuwa hai, na labda hapana. Mimi sitakudanganya kwamba huna la kujifunza hapo. Lakini kumuua hukumuua. Ulimpa karibu miaka miwili ya kuwa mzima, barua ya mkewe mliiandika, na Ijumaa ile alikuwa anafikiria stuli. Nenda kwa binti yake, ukae naye, msikilize amuongelee baba yake. Hujaenda, nahisi hujaenda.

Nne, mpange siku ya kwanza saa kwa saa. Tarehe yenyewe iulizie ofisi ya kumbukumbu mapema juu mara nyingine mtu anaachiliwa siku mbili kabla ya vile familia ilihesabu, anajikuta barabarani peke yake asubuhi na shilingi chache na pahali pa kwanza panapomkaribisha ni pale pa zamani. Nani anakuja getini? Anapanda gari gani, analala wapi, na jirani wa hiyo nyumba anauza nini? Hilo la jirani uliza, usione haya. Niliwahi kuwa na mteja aliyerudi kwa dada yake kwa furaha kubwa na ukuta wa pili ulikuwa nyumba ya kupika pombe. Kama Kijana ana mjomba Ahero kwenye mpunga au shangazi Maseno, hata kama hawapendani sana, afadhali mwezi mmoja wa tope la mpunga kuliko mtaa wa mjini kama Kondele wiki ya kwanza. Ongea na afisa wa probesheni wa kule anakokwenda, kazi yao ni pamoja na waliotoka. Mwandikie kwa karatasi namba ya NACADA, ile mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na madawa, 1192, kupiga ni bure, aishone ndani ya kola ya shati kama wanavyoshona vitu vingine.

Na ukifungiwa nje kabla ya hizo wiki 6, andika huo mpango wote leo, mpe chapleni au muuguzi ambaye Kijana mwenyewe anamkubali, kwa ruhusa yake.

Nimekuja kwako mwisho na ningepaswa kuanza na wewe. Huyo mama anayepiga kelele sufuria ikianguka anasikia milango ya chuma hata akiwa jikoni kwake. Unabeba wanaume labda thelathini, arobaini, na fundi juu yao, na hakuna mahali unatua. Mshauri lazima naye awe na mshauri wake, si bosi wa kuhesabu ripoti, mtu mzoefu wa kazi hii ambaye unakaa naye angalau mara moja kwa mwezi unamwaga. Liambie shirika lilipie. Wakisema pesa hakuna, tafuta wenzako wawili watatu wa kazi hii hapo Kisumu mkutane Jumamosi, Dunga au popote, mle samaki muongee, bila majina. Mimi nilikuwa na mmoja, mtawa mzee, alikuwa ananisikiliza akimenya viazi.

Na bwanako, mwambie kisa cha fundi. Bila jina. Nadhani hajui. Anaona tu mke asiyesikia, hajui ni simu ya nani unaisikia.

Siku Kijana akitoka niandikie, hata mistari miwili, uniambie nani alikuja getini. Na umwambie anayekuja abebe viatu, wengi wanatoka na sandali zilizokatika, na ni mbali kutembea hivyo mpaka stagi.